Katibu wa Mechi za Mtoano

Katika nyumba za kupanga tunakoishi Lewisville, kando ya jiji la Dallas, kuna makatibu watatu: wa kwaya, wa chama cha kuzikana, na huyu. Wale wawili walichaguliwa kwa kura. Huyu hakuchaguliwa na mtu, lakini ukisema "Katibu" bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema yeye.

Sababu ni daftari. Yeye ni Mrundi; kabla ya Marekani aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Kigoma, akiwa katibu wa kamati ya maji, na nadhani ndiko alikoupata ugonjwa wa kuamini kwamba jambo lisilo na kumbukumbu za kikao halijatokea. Alipofika Texas hakukuta kamati ya maji. Maji yalikuwa bombani, hayana mjadala. Alikaa wiki kadhaa bila kitu cha kuandika, na mkewe anasema alikuwa akizunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza funguo. Halafu Januari ikafika, na mechi za mtoano za mpira wa Kimarekani zikaanza kwenye televisheni.

Daftari lenyewe ni lile kubwa la jalada gumu. Amelivika karatasi ya kaki, na juu yake nailoni, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Humo ameandika kila mechi ya mtoano ambayo timu ya Dallas au ya Houston imecheza tangu afike. Mechi za ligi ya kawaida haziandiki, na ukimwuliza kwa nini, anakutazama kwanza kuona kama unauliza kwa nia njema.

"Ligi wanacheza wakijua wiki ijayo ipo," aliniambia mara moja. "Mimi nimeona watu wanavyoishi wakiwa na wiki ijayo, na wanavyoishi wakiwa hawana. Naandika hawa wa pili."

Sentensi kama hiyo ingetosha kumfanya mtu aheshimiwe, ila yeye mwenyewe hakuipa nafasi. Dakika ileile aligeuka kumgombeza mtu aliyekalia rula yake.

Niseme jinsi anavyoandika, maana bila hilo hutamwelewa. Haandiki kama magazeti yanavyoandika. Anaandika kumbukumbu za kikao. Mechi inafunguliwa, ina mahudhurio, ina waliotoa udhuru, ina yatokanayo na kikao kilichopita, ina mengineyo, na inafungwa. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Kikao kilifunguliwa kwa teke saa tisa na nusu alasiri. Waliotoa udhuru: wajumbe wawili, zamu ya ghala la Mesquite; mjumbe mmoja, mahubiri marefu. Yatokanayo: mlinzi wa kushoto aliyelalamikiwa kikao kilichopita bado analala. Mengineyo: Mama wa ghorofa ya chini amejifungua mtoto wa kike, mzima. Kijana wetu amefaulu mtihani wa leseni ya udereva katika jaribio la nne, amepigiwa makofi." Matokeo yapo, na kila pointi ipo na dakika yake, lakini unayakuta katikati, yamebanwa na watu.

Mwanzoni mwa kikao cha mwaka unaofuata, kabla ya teke la kwanza, anasimama na kusoma ukurasa wa mwisho wa mwaka uliopita. Kisha anauliza kama kumbukumbu ni sahihi. Waliokuwepo wananyoosha mikono. Zikishathibitishwa, zimethibitishwa. Wageni Wamarekani wakiwepo hudhani ni sala, nao huinamisha vichwa.

Mimi nilikuja Marekani kusoma takwimu, nikamaliza, sasa nachezea data katika ofisi moja mjini Dallas. Nina tabia ambayo mama yangu Tanga anaiita ubishi na walimu wangu waliita udadisi. Siku ya kwanza nilipoona daftari lile niliuliza swali ambalo mtu yeyote wa rika langu angeliuliza.

"Katibu, yote haya si yapo kwenye simu? Nime-google sasa hivi, sekunde mbili tu."

"Vizuri," alisema. "Iulize basi nani aliyeleta sambusa."

Simu ilimjua mrushaji mkuu wa timu, uzito wake na chuo alichosoma. Sambusa haikuzijua. Watu walicheka, nami nikaona aibu ile inayokufanya uzidi kubisha. Tangu siku hiyo akaniita Mkaguzi, na katika kila kikao jina langu liliandikwa chini kabisa, sehemu ya waalikwa. Nililalamika. Akanieleza kwa upole kwamba mjumbe lazima awe na timu, nami nilikuwa nimesema mbele ya watu kuwa sina timu, naangalia tu uwezekano.

"Na wewe, Katibu, una timu gani?"

"Katibu hana timu. Katibu ni mtumishi wa kikao."

Hilo lilikuwa kweli kwa macho. Sijawahi kumwona akishangilia. Watu wazima walipanda juu ya makochi, wengine walilia, mmoja alivunja bakuli la kachumbari, naye yuko pale mezani, mgongo umenyooka, anaandika dakika. Televisheni ilikuwa juu kupita kiasi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeiongeza sauti, halafu alilalamika kwamba kuna kelele. Mtu huyuhuyu anayekumbuka teke la miaka kumi nyuma hajui alikoegesha gari asubuhi. Msimamizi wake hotelini, kwenye chumba cha kufulia mashuka, humwita kuamua ubishi kati ya Wamarekani wenyewe, na wanakubali anachosema. Lakini wakimwuliza nani atashinda Jumapili, anakataa. "Sina kumbukumbu za Jumapili," anasema. "Njooni Jumatatu."

Kulikuwa na jambo moja la ajabu kwa mtu mwenye adabu kama zake. Nyumbani kwake kila mtu anavua viatu mlangoni. Mkewe, tunayemwita Mama Katibu, hana mchezo na zulia lake. Nimeshamwona akimrudisha padri. Ila siku ya mechi Katibu hukaa mezani na viatu vyake vyeusi vya kazini, kamba zimefungwa, katikati ya watu wenye soksi zenye matundu. Na Mama Katibu hasemi kitu. Nilimuuliza Katibu mara mbili. Mara ya kwanza alisema miguu inamuuma. Mara ya pili alisema, "Hilo halimo kwenye ajenda."

Msidhani daftari lilikuwa mchezo wa wazee. Mwaka juzi mama mmoja wa jengo la pili alibishana na ndugu zake kuhusu mwaka aliofariki baba yao. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake, na ibada ya kumkumbuka ilikuwa ikikaribia. Mama yule alikumbuka kitu kimoja tu: taarifa ilipigwa kwa simu wakati Dallas wakichapwa na watu wakitazama. Katibu alifungua, akapitisha kidole, akasoma: "Mengineyo: mjumbe amepokea simu ya msiba wa baba. Kikao kilisimama dakika tano. Televisheni ilizimwa." Mama yule aligusa mstari ule kwa vidole kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa, akashukuru, akaondoka.

Ndiyo maana lilipotokea lile la jamaa wa Mesquite, mmoja wa wale wa ghala, watu waliweka sahani chini. Jamaa huyo ni mbishi kunizidi. Alidai Katibu amekosea pointi za mechi fulani, na kwamba daftari zima ni hadithi. Tukatafuta kwenye simu. Katibu alikuwa sahihi. Lakini alikuwa ameumia, na ndipo alipoweka kalamu mezani, ile ya buluu ya hotelini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Siku mtakayoniletea kosa moja humu, kalamu hii nitaiacha hapahapa na sitaishika tena."

"Katibu, usiape," mtu alisema.

"Siapi. Nawaarifu."

Baadaye jikoni Mama Katibu aliniambia kwa kicheko ambacho hakikuwa kicheko chote, "Akinyang'anywa kalamu, atahamia kwako. Mimi siwezi kukaa naye akiwa mikono mitupu. Wewe hukumwona ule mwezi tulipofika."

Sasa fikirieni mimi, na tabia yangu, nikiwa nimesikia ahadi hiyo. Nilijitolea kuliingiza daftari zima kwenye kompyuta. Alikubali kwa sharti kwamba halitoki nyumbani kwake. Basi Jumamosi baada ya Jumamosi nilikaa mezani pake na kompyuta yangu, nikianzia mechi za karibuni na kurudi nyuma, kila moja nikiilinganisha na simu. Sitadanganya, nilikuwa nawinda. Sikupata kitu. Pointi sawa, dakika sawa, hata upepo sawa. Nilichoona ni kurasa chache tu ambazo kalamu ilikandamizwa mno, maandishi yametokeza upande wa pili kama ya vipofu. Nikazilaumu kalamu za hotelini.

Halafu nikafika ukurasa wa kwanza. Ulisema hivi, kwa mwandiko uleule: "Dallas 3, Wageni 2. Tumeshinda. Kikao kilifungwa kwa ngoma."

Katika mpira huu bao moja tu ni pointi sita; sijawahi kusikia mechi ya tatu kwa mbili. Nikaangalia simu. Dallas walikuwa wamefungwa.

Nilidhani ningefurahi. Nililichukua daftari taratibu hadi jikoni, alikokuwa Mama Katibu peke yake akichambua maharage, nikamwonyesha. Aliangalia, akaweka ungo chini, akacheka hadi akashika meza.

"Ile televisheni tuliiokota karibu na pipa la taka," alisema. "Chini kioo kilikuwa cheusi, mkanda mzima. Namba hatukuziona."

"Sasa mlijuaje nani ameshinda?"

"Tulihesabu. Mtu akifika mwisho wa uwanja na mpira, Katibu anaandika moja. Hawa walifika mara tatu, hawa mara mbili."

"Na yale mateke ya kupitisha mpira kati ya milingoti? Yale yana pointi, Mama."

"Sisi tulidhani wamechoka, wanautupa nje."

Mateke hayo ndiyo yaliyowapa wageni ushindi. Mashabiki walipotoka uwanjani kimya, wao sebuleni walisema Wamarekani ni watu wastaarabu, hawashangilii ovyo. Wakacheza ngoma. Wakathibitisha matokeo palepale, watu saba, mikono saba juu. Lakini utamu ulikuwa Jumatatu. Katibu na rafiki yake, Mkongo mmoja aliyefanya naye kazi chumba cha kufulia, walikuta hoteli nzima ina sura ya msiba. Msimamizi hasalimii. Wakaamua amefiwa. Wakavua kofia, wakapanga foleni ya watu wawili, wakamshika mkono kwa mikono miwili na kumpa pole. Msimamizi akaipokea. Akawaambia asanteni sana, labda mwakani.

"Wakarudi wanaulizana," Mama Katibu alisema akifuta machozi, "msiba gani huo wa labda mwakani?"

"Kwa hiyo anajua kuna kosa."

"Jioni ileile alieleweshwa. Kwa nini hajalisahihisha, muulize mwenyewe. Atakwambia akidi."

Nilimuuliza. Alikuwa ametoka kazini, amekaa anamimina chai kutoka kwenye chupa. Hakushtuka hata kidogo.

"Umechelewa, Mkaguzi. Nilidhani ungeanzia ukurasa wa kwanza."

"Ungekata tu mstari, Katibu. Ulikuwa wa kwako."

"Haukuwa wa kwangu. Watu saba walinyoosha mikono. Nikianza kukata peke yangu kwa sababu nimejua ukweli, kesho nitakata kwa sababu sijapenda." Kusahihisha kulihitaji zaidi ya nusu ya waliothibitisha, yaani wanne. Mmoja wa wale saba alikuwa amefariki. Wawili walihamia majimbo ya kaskazini na namba zao zikabadilika. Walibaki yeye, mkewe, na yule Mkongo na mke wake, ambao walikuwa wamehamia Sugar Land, upande wa Houston, zamani sana. "Kila Januari nasema tutakwenda. Kila Januari kuna zamu."

"Na ile ahadi ya kalamu?"

Akaitazama kalamu. "Ipo."

Hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa kosa lolote, la mtu yeyote. Nilisema, "Tunaojua ni watatu tu. Mimi naweza kuruka ukurasa huu."

"Wewe?" Akatabasamu. "Wewe unauliza sambusa imetiwa nini kabla hujaila. Hutalala. Tafuta siku, utu-drive."

Tulikwenda Januari iliyofuata, Jumamosi, sisi watatu. Barabara ya 45 ni saa nne za tambarare na mabango. Mama Katibu alilala nyuma. Katibu alikaa mbele, daftari limefungwa kwenye kitenge, liko mapajani. Njia nzima alisema jambo moja.

"Hiyo kompyuta yako, ina mahali pa mengineyo?"

"Naweza kuongeza safu."

"Ongeza."

Dallas hawakufuzu mtoano mwaka huo. Waliokuwa wakicheza siku hiyo ni Houston. Nyumba ya yule Mkongo, ambaye kule Sugar Land wanamwita Mwenyekiti, ilikuwa imejaa watu wenye fulana nyekundu, pamoja na wachache wa kwetu waliokuja kwa magari mengine ili waombee Houston wafungwe. Mwenyekiti ni kinyozi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Katibu! Ungali na ile kitabu?"

"Ninacho. Na tuna ajenda kabla ya teke."

Televisheni ikapunguzwa sauti. Katibu alisimama, viatu vyake vyeusi miguuni kama kawaida, akasoma ukurasa wa kwanza wote, na mahudhurio ya watu saba, na jina la yule marehemu, na ngoma. Watu walicheka hadi aliposema maneno mawili ya mwisho: "Si kweli." Akaeleza. Akasema alilijua kosa hilo tangu Jumatatu ya msiba. Akatoa hoja isomeke kwamba Dallas walifungwa.

"Miye napinga," Mwenyekiti alisema. "Ile siku tulishinda. Nilianguka juu ya meza kwa furaha. Nani katika Dallas nzima alikuwaka na furaha kutushinda?"

"Furaha ibaki," alisema Katibu. "Matokeo yabadilike."

"Baba, nyoosha mkono, chakula kinapoa," alisema mke wa Mwenyekiti. Wake wawili walikuwa wamekwisha kunyoosha. Katibu akanyoosha. Mwenyekiti akawa wa nne.

"Andika nimenyoosha na uchungu."

Katibu akaandika hivyo. Akaweka rula, akakata mstari mmoja mwembamba ili cha zamani kiendelee kusomeka, akatia sahihi pembeni. Kisha akafunika kalamu na kuiweka mezani.

"Yatokanayo," alisema. "Niliahidi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa kwetu, yule jamaa wa Mesquite mwenyewe, akasema, "Katibu, tulikuwa tunatania bwana."

"Mimi sikuwa natania." Akanisogezea daftari. "Napendekeza Mkaguzi."

"Mimi ni mwalikwa," nilisema. "Mjumbe lazima awe na timu. Sina timu."

"Katibu hana timu," alisema. "Ndiyo sheria. Katika chumba hiki kizima ni wewe tu unayeitimiza."

Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Sikuhesabu mikono. Ilikuwa mingi, na mkono wa Mama Katibu ulikuwa juu, ila macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mumewe, ambayo ilikuwa imelala juu ya meza, mitupu, haijui pa kwenda. Nilijua anachokiogopa. Nami nilikuwa nakiogopa.

Ni Mwenyekiti aliyeliona. "Ngoja kwanza. Kama Katibu si katibu tena, basi uko mjumbe. Na mjumbe lazima iko na timu. Sema sasa. Miaka yote tunangojea."

Watu wa Dallas walianza kutabasamu, maana walijua jibu: mtu aliyeishi Lewisville miaka yote hii, angekuwa wa nani?

Katibu alisogeza kiti nyuma. Akainama. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, polepole, kisha cha kulia. Akavivua, akavibeba hadi mlangoni, akavipanga vizuri pamoja na vya wengine. Akarudi katikati ya zulia akiwa na soksi ndefu, nyekundu zenye mstari wa buluu nzito, rangi za Houston, zimefuliwa mara nyingi mno hadi kisigino kimekuwa cha waridi.

Kelele zilizotokea siwezi kuziandika.

"Msaliti!" alisema yule wa Mesquite. "Tulikula kwako!"

"Nimezianika ndani ya bafu tangu mlipohamia huku," Mama Katibu alikuwa akimwambia mke wa Mwenyekiti, akicheka, kicheko chote sasa. "Bafuni, mlango umefungwa, kama za wizi."

Nilifungua daftari haraka. Tabia haiachi. Nilizitafuta zile kurasa zilizokandamizwa, zenye maandishi yaliyotokeza upande wa pili. Zote zilikuwa za Houston kufungwa. Na matokeo yote yalikuwa sahihi, hadi pointi ya mwisho.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema, ungeniamini?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Basi."

Teke likapigwa. Kwa dakika chache alikaa kwenye kochi kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Halafu refa akatoa uamuzi dhidi ya Houston, na yule mzee akasimama na soksi zake, mikono yote miwili hewani, akapiga kelele kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya chumba cha kufulia. Hatimaye akanigeukia.

"Mkaguzi, andika. Refa ni mwizi."

"Katibu hana timu, mzee. Naandika kilichotokea."

"Ndicho kilichotokea."

Niliangalia saa, nikaandika dakika, kisha nikaandika: "Mjumbe mmoja, mwenye soksi, alilalamika. Ameombwa akae. Amekataa."